Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka: Riwaya au Daftari la Mila?

Miongoni mwa vitabu vya Kiswahili vinavyotajwa mara nyingi na kusomwa mara chache, kimo kimoja kilichoandikwa na mzee wa kisiwani Ukerewe, marehemu Aniceti Kitereza. Jina lake kamili ni Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali, nacho kilitolewa na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam mwaka 1980. Sifa inayosikika zaidi juu ya kitabu hiki ni kwamba ni hazina ya mila. Sifa hiyo, ikitazamwa vema, ni lawama iliyovikwa kanzu ya heshima. Maana yake ni kwamba atakaye kujua Wakerewe wa zamani walivyolima, walivyovua, walivyooa na walivyozika, na akisome. Bali atakaye riwaya, na atafute penginepo. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba hukumu hiyo si ya haki, na kwamba ina madhara kwetu sisi tunaofundisha Kiswahili mbali na pwani.

Kwanza yafaa tumjue mwandishi na mahali pake. Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria, upande wa kusini-mashariki, lakini ukubwa wake haufiki kilomita 600 za mraba. Hadi leo wasafiri wengi huenda kwa vyombo vya majini kutoka Mwanza hadi Nansio. Kitereza alizaliwa mwaka 1896, akasomeshwa na mapadre huko Kagunguli na baadaye katika seminari ya Rubya, upande wa Bukoba. Aliumaliza mswada wake mwaka 1945, kwa lugha yake ya Kikerewe. Tukumbuke kwamba Chinua Achebe alikuja kuchapisha Things Fall Apart mwaka 1958, yaani miaka 13 baadaye. Lakini Kikerewe hakikuwa na mchapishaji. Mswada ulikaa miaka na miaka, hata mwandishi akaufasiri mwenyewe kwa Kiswahili katika uzee wake. Alifariki mwaka 1981 kabla ya kukiona kitabu chake kikiwa kimechapwa.

Sasa tutazame kisa chenyewe. Myombekere na Bugonoka ni mume na mke wanaopendana, lakini hawana mtoto. Ndugu za mume wanamsimanga mke kwa utasa, na masimango hayo yanapowafikia wazazi wake, babaye, Namwero, anakuja kumchukua binti yake na kumrudisha nyumbani. Myombekere anabaki na nyumba iliyopoa. Desturi ingemruhusu kuoa mwingine, na jamaa zake wasingemlaumu; yeye lakini anakataa kumwacha mkewe. Anakwenda kwa wakwe kuomba radhi, anatozwa faini ya pombe ya ndizi, anailipa, na mke anarudi. Kisha wanatafuta mganga, na baada ya taabu nyingi wanapata mtoto wa kiume, Ntulanalwo, halafu wa kike, Bulihwali. Sehemu ya pili inafuata maisha ya watoto hao.

Msomaji aliyezoea riwaya za mwendo wa haraka hukwama kwenye ile pombe. Huona kwamba mwandishi ameisimamisha hadithi ili atufundishe upishi: jinsi ndizi zinavyotafutwa na kuvundikwa, jinsi zinavyokamuliwa, jinsi unga wa mtama uliokaangwa unavyotiwa, na siku za kungoja. Huuliza: Je, Bugonoka atarudi lini? Hilo ndilo swali ambalo Myombekere mwenyewe anajiuliza. Ndizi haziivi kwa sababu mwanamume ana majonzi. Pombe haichachi upesi kwa sababu nyumba haina mke. Mtu mmoja, tena, hawezi kuifanya kazi hiyo peke yake. Hana budi kuwaomba majirani, na kwa kuwaomba anawafunulia aibu yake. Kwa hiyo maelezo ya pombe hayakuisimamisha hadithi hata kidogo. Ndiyo hadithi yenyewe. Mwandishi ametuonyesha kwamba katika jamii ile maneno matupu hayakuwa radhi. Radhi ilipimwa kwa jasho, kwa siku na kwa idadi ya watu walio tayari kukushika mkono. Lau angeandika kwa sentensi moja kwamba Myombekere alipika pombe akaipeleka, tungepata tukio, lakini tusingepata uzito wake.

Sisi wa huku Mbale hatuhitaji kwenda mbali ili kulielewa jambo hili. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, Wagisu hutahiri vijana wao katika sherehe ya imbalu. Siku chache kabla ya kisu, pombe ya ulezi hutengenezwa, kijana mwenyewe akishiriki, naye hupakwa chachu mwilini. Siku za pombe kuiva ndizo siku za kijana kujitayarisha. Vyote viwili vinachemka pamoja. Atakayeandika habari za imbalu na kuiruka pombe, akidhani kwamba ni jambo la jikoni tu, ataandika habari za kisu na kumsahau mtu. Kitereza hakumsahau mtu. Alijua kwamba mila si pambo lililotundikwa ukutani nyuma ya wahusika, bali ni njia wanayopita, yenye miiba yake na vivuli vyake.

Ndivyo yalivyo pia maelezo yake ya maumbile. Ziwa, mvua, wanyama, miti na mitishamba havikuwekwa kitabuni kwa ajili ya kupendeza macho. Mti hutajwa kwa kuwa una dawa, au kwa kuwa unafaa kujengea. Mvua hutajwa kwa kuwa Omukama, mtawala wa kisiwa, ndiye aliyedaiwa na watu mvua hiyo, na ukame ulikuwa shauri la utawala kama ulivyokuwa shauri la mbingu. Kisiwa kina mpaka ambao hauwezi kusogezwa. Aliyekosana na jirani yake hana pori la kukimbilia; atakutana naye kesho kisimani, ufukweni na msibani. Ndiyo maana katika kitabu hiki salamu ni ndefu, mgeni huandaliwa kwa uangalifu, na ugomvi mdogo huitiwa wazee. Adabu hiyo yote yatokana na udogo wa mahali. Msomaji asiyeiona sababu hiyo atadhani kwamba mwandishi anapenda salamu tu.

Hata hivyo, mhakiki asiyetaja kasoro ni mpiga debe. Sehemu ya pili haina nguvu ya ile ya kwanza. Katika ile ya kwanza kila desturi imefungwa kwenye haja moja: mke arudi, mtoto apatikane. Haja hiyo inapotimia, kamba inalegea. Baadhi ya desturi zinazofuata zinaelezwa kwa kuwa mwandishi asingependa zipotee, wala si kwa kuwa mhusika fulani anazihitaji wakati ule. Hapo, na hapo tu, wale wanaokiita kitabu daftari la mila wana haki. Aidha, msimulizi hupenda kutoa wosia pale ambapo tendo la mhusika lingetosha. Lililo zito zaidi ni kwamba mwandishi hawaulizi wale waliomsimanga Bugonoka swali kali ambalo msomaji wa leo angeliuliza: kwa nini utasa uwe wa mke daima? Mapenzi ya Myombekere yanaijibu jamii kwa vitendo, lakini jamii yenyewe haifikishwi barazani.

Ili kulipima vema jambo hili, linganisha na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Kezilahabi naye ni mwana wa Ukerewe, mzaliwa wa Namagondo, na riwaya yake inaanzia kisiwani humo humo. Lakini Ukerewe ya Kezilahabi ina shule, ina mshahara, ina baba mlevi anayewatesa watoto wake, na msichana anayeondoka nyumbani bila ya kinga na kuishia kujiua. Kwa Kezilahabi pombe huvunja nyumba. Kwa Kitereza pombe huijenga upya. Wengine watasema kwamba mzee amepamba na kijana amesema kweli. Sisi twaona kwamba kila mmoja ameeleza nusu ya jambo moja. Kitereza ameonyesha kamba zilizowashikilia watu. Kezilahabi ameonyesha watu baada ya kamba hizo kukatika. Mwanafunzi anayesoma Rosa Mistika peke yake huona uharibifu, lakini hajui ni kitu gani kilichoharibika.

Tuje kwenye lugha, ambayo ndiyo inayotugusa zaidi. Kiswahili cha Kitereza si cha Unguja wala cha Mombasa. Ni Kiswahili cha mtu aliyefikiri kwa Kikerewe muda wote wa maisha yake, akachukua lugha ya pili na kuilazimisha ibebe mambo ambayo haikuwahi kuyabeba. Humo mna majina ya vitu vya kisiwani yasiyo katika kamusi, na sentensi zinazokwenda kwa mwendo wa wazee wa bara. Mwalimu mwenye kalamu nyekundu anaweza kuona makosa. Lakini na ajiulize: mvuvi wa ziwani aeleze mtumbwi wake kwa maneno ya nahodha wa jahazi? Lugha haikui kwa kulindwa mlangoni tu. Hukua inapopelekwa mahali ambapo haijafika na kuambiwa: Haya, taja hiki.

Jambo hili lina uzito wa pekee hapa Uganda. Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 chini ya Idi Amin, na watu wengi walikijua kwa sauti ya askari na vizuizi vya barabarani. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa na kukifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilipendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Amri, lakini, haiwezi kuipa lugha kwao. Mtoto wa Namakwekwe anayesema Kigisu kwa bibi yake na Kiganda sokoni hukiona Kiswahili kuwa lugha ya mtihani. Kitereza anamwonyesha kwamba Kiswahili chaweza kuingia nyumbani kwao bila ya kumtaka mwenyeji atoke.

Lakini tusishangilie upesi mno. Kitereza aliandika ili maneno na mambo ya Wakerewe yasipotee. Mambo yameokoka, maneno, kwa sehemu kubwa, yalibadilishwa kwa ya Kiswahili ili kitabu kipate njia. Gabriel Ruhumbika, mwana mwingine wa Ukerewe, alipokitafsiri kwa Kiingereza mwaka 2002, alirudi kwenye Kikerewe chenyewe, na hilo ni funzo kwetu. Kiswahili kilimfungulia mzee mlango ambao lugha yake ilifungiwa, na hapo hapo kilimtoza ushuru. Mwalimu wa Kiswahili asiyeujua ushuru huo atawatoza wanafunzi wake bila ya kujua.

Basi tufanyeje darasani? Kitabu ni kirefu, na wala si lazima kidato kikisome chote. Yatosha kuchukua sura za kwanza, tangu Bugonoka anapochukuliwa hadi anaporudi, na kuzisoma polepole. Kisha mwanafunzi aandike kwa Kiswahili jambo moja linalofanywa kwao, kwa mfano jinsi malewa, yale machipukizi ya mianzi ya Mlima Elgon, yanavyokaushwa na kupikwa kwa karanga. Sharti liwe moja tu: pawepo mtu anayekihitaji chakula hicho siku hiyo, na pawepo hasara asipokipata. Neno lisilo na Kiswahili na liandikwe kwa Kigisu, bila ya kuona haya. Kwa zoezi hilo mwanafunzi atajua, kuliko kwa maelezo yoyote ya fani na maudhui, tofauti iliyopo kati ya daftari la mila na riwaya.

Kwa hiyo swali la kichwa cha makala haya tulijibu hivi: kitabu cha Kitereza ni riwaya kila mahali ambapo desturi inamgharimu mtu kitu, na ni daftari pale inapotajwa bure. Mahali pa aina ya kwanza ni pengi kuliko pa aina ya pili, na hapo ndipo penye kazi ya msanii. Walimu wenzangu, tukitoe kabatini.