Koleksiyo yako iko ya nani?

Wenzangu wasomi, tuanze na neno lenyewe. Siku hizi kila kijana mwenye konsoli moja, manete mbili na picha ya etajeri yenye taa za rangi anasema iko na "koleksiyo". Neno halina shida. Shida ni kwamba tunasifu picha, tunaweka "like", halafu hakuna anayeuliza swali ambalo mtu anayekusanya vitabu ao sahani za muziki angeulizwa mara moja: hivi vitu viko vyako kweli? Na miaka 15 ikipita, vitawaka?

Mi nasema sehemu kubwa ya vile tunavyonunua leo haistahili lile jina. Si kwa sababu michezo ya video ni mambo ya watoto. Ile hoja ya wazazi wetu tuiache, imechoka. Mtu aliyemaliza masomo, akapata mshahara wake wa kwanza, akilipa minervali ya mdogo wake kisha akabaki na kitu kidogo cha kujifurahisha, ni haki yake. Lakini basi anunue kitu, asinunue ruhusa.

Tofauti iko hapa. Ubisoft walitoa mchezo wa magari, The Crew, mwezi wa 12 mwaka 2014. Watu walinunua diski dukani, kwa pesa kamili, ndani ya boksi. Tarehe 31 mwezi wa 3, 2024, kampuni ikazima seva zake, na kwa sababu mchezo ulihitaji seva hata ukicheza peke yako, ile diski ikabaki plastiki. Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyevunja. Etajeri iko na boksi, boksi iko na diski, diski haina kitu cha kukupa. Wacheza michezo wa Ulaya na Marekani walikasirika, wakaanzisha kampeni. California nako walipitisha sheria mwaka 2024: duka la dijitali haliwezi tena kutumia neno "nunua" bila kumwambia mteja wazi kwamba anapata leseni tu. Sheria nzuri. Lakini angalia inachofanya: inalazimisha muuzaji aseme ukweli, hairudishi mchezo. Na sisi huku Goma, Bukavu ao Lubumbashi hata ule ukweli hakuna anayelazimishwa kutuambia.

Mtu atasema: huo ni mchezo mmoja tu. Haya, tuchukue Gran Turismo 7. Mwezi wa 3 mwaka 2022 sasisho moja lilikwenda vibaya, seva zikafungwa kwa zaidi ya saa 24, na karibu mchezo wote ukafungwa nazo, hata kwa mtu anayetaka tu kuendesha gari peke yake chumbani. Huko Uingereza hiyo ni hasira ya siku moja. Kwetu, kukosa mtandao si habari ya siku moja. Mchezo unaodai intaneti ili ukuruhusu kucheza peke yako ulitengenezwa bila kufikiria mtu anayeishi kama sisi, na mhakiki anayeupa alama 9 bila kutaja jambo hilo hajakuandikia weye.

Kisha kuna diski ambazo si diski. Call of Duty: Modern Warfare II ya 2022, ile ya PS5, ilikuwa na mega 70 hivi tu ndani ya diski yenyewe. Mega sabini! Video za harusi tunazotumiana kwa simu zinazidi hapo. Yote iliyobaki, makumi ya giga, unatelesharje mwenyewe kwa forfait yako. Nintendo nao, kwa Switch 2 iliyotoka mwezi wa 6 mwaka 2025, wako na kadi zinazouzwa kwa michezo fulani ambazo ndani yake hamna mchezo kabisa: kadi ni ufunguo, mchezo unaushusha kwa intaneti, na kila ukitaka kucheza lazima kadi iwe imechomekwa. Yaani unabeba mzigo wa kitu cha kushikika pamoja na mzigo wa kitu cha hewani, faida ya yote mawili inabaki kwao. Nimejaribu kuitetea ile kadi (unaweza kuiuza ao kumwazima rafiki, ni kweli), lakini siku seva ikizimwa unamwazima rafiki nini?

PS5 Pro iliingia sokoni mwezi wa 11, 2024 kwa dola 699,99 bila sehemu ya kusoma diski. Unaongeza dola 79,99 upate kisomaji, na hicho nacho kinahitaji intaneti mara ya kwanza ili kikubaliwe na mashine. Kwa mtu wa koleksiyo, hiyo ndiyo mashine mbaya kuliko zote za kizazi hiki. Nguvu inayo. Lakini mlango wa diski wameufanya kitu cha kuomba.

Hata tukirudi nyuma kidogo hatuko salama kama tunavyodhani. PS4 iko na betri ndogo ya saa ndani, ile ya mviringo kama kifungo. Watu waligundua kwamba betri ikifa na mashine ikashindwa kuuliza saa kwenye seva za Sony, hata michezo ya diski ingekataa kufunguka. Betri ya kutupa! Sony waliirekebisha kimyakimya kwa sasisho 9.00 mwaka 2021. Kwa hiyo ukinunua PS4 ya mtumba, angalia namba ya sasisho kabla ya kuangalia mikwaruzo.

Sasa vifaa. Hapa ndipo pesa ya vijana inapotelea pole pole, dola kumi hapa, kumi na tano pale. Manete ya "origine" na ile ya kopi zinakaa meza moja sokoni, boksi zinafanana kabisa, na bei ndiyo peke yake inayosema, tena wakati mwingine inadanganya. Lakini kabla hatujawalaumu wauzaji, tuseme ukweli: hata ile ya kweli iko na ugonjwa. Ndani ya kile kijiti cha kidole gumba mna kipande kidogo kinachosugua njia ya kaboni ili kupima umesukuma upande gani. Kinasugua, kinasugua, kaboni inaisha, vumbi linaingia, na siku moja mchezaji wako anatembea peke yake kuelekea kona ya uwanja wakati mikono yako iko mezani. Dawa inajulikana: kupima kwa sumaku, bila kugusana. Sega waliweka sumaku ndani ya manete ya Dreamcast tangu 1998. Dreamcast ilikufa sokoni 2001, na karibu miaka 20 baadaye makampuni makubwa yalikuwa bado yanatuuzia kaboni. Siku hizi manete za sumaku za makampuni madogo zinapatikana. Kama pesa yako inatosha kifaa kimoja tu, achana na taa za rangi, nunua hiyo.

Upande mwingine kuna watu wa boksi lililofungwa, na hawa nao nawahitilafiana. Mwezi wa 7, 2021, kaseti moja ya Super Mario 64, haijawahi kufunguliwa, imefungwa ndani ya plastiki ngumu na kupewa alama, iliuzwa Marekani kwa dola milioni 1,56. Mchezo wenyewe ulitoka kwa mamilioni ya nakala. Si kitu cha nadra. Kilichouzwa pale ni nailoni. Na habari kama hiyo ikifika kwetu, unaona kijana anaweka FIFA tatu zilizofungwa juu ya kabati "zipande bei". Ndugu yangu, FIFA ya mwaka uliopita ni gazeti la jana. Zilichapwa nyingi mno, na tangu 2023 hata jina limebadilika kuwa EA Sports FC. Zifungue, ucheze.

Basi nini kinastahili? Mi narudi kwa PS2, na si kwa sababu ya utoto tu. Ni mashine ambayo haijui intaneti ni nini mpaka uilazimishe. Unaweka diski, inasoma, inacheza, na mchezo uliomo ni mzima. Sony wamesema waliuza zaidi ya milioni 150, kwa hiyo vipuri viko kila mahali, na fundi wa mtaani anaijua kama anavyojua radio. Hasara zake zinahesabika. Kwanza umeme: ile nene ya Japani inataka volti 100, ukiichomeka moja kwa moja kwa 220 yetu imekwisha, na hata ile ya Ulaya usiiwashe bila stabilizateri. Pili, diski zimefungwa kwa eneo: mchezo wa Marekani haukubali ndani ya mashine ya Ulaya kama mashine haijabadilishwa. PS3 ni tofauti, karibu michezo yake yote inakubali mashine ya nchi yoyote, na kwa sisi ambao vitu vinatufikia kutoka Dubai, Ubelgiji na China kwa mara moja, hilo si jambo dogo.

Na PS2 iko na historia yetu ndani yake. Ilitoka Japani mwezi wa 3 mwaka 2000. Mwaka huohuo bei ya koltani ilipanda vibaya sana, kisha 2001 ikaanguka, na kati ya hapo watu wa Kivu waliacha mashamba kwenda kuchimba, wenye bunduki wakafuata. Baadaye waandishi wa nje waliiita "vita vya PlayStation". Hilo jina silipendi. Vita vilianza mwezi wa 8 mwaka 1998, konsoli ilikuwa bado haijauzwa hata moja, na tantali ilitakiwa pia kwa simu na kompyuta za dunia nzima. Jina linamfurahisha msomaji wa mbali kwa sababu linampa mkosaji mmoja anayejulikana, mtoto mwenye manete, na kuwasahau wanunuzi, wasafirishaji na majeshi. Lakini kusema jina ni baya si kusema uhusiano haupo. Mtu wa Bukavu ao Masisi akishika mashine ya namna hii ana sababu ambayo mkusanyaji wa Paris hana ya kudai kwamba idumu, ifunguke kwa bisibisi, itengenezeke. Ndiyo maana mashine inayotupwa kwa sababu seva imezimwa inanikasirisha mara mbili.

Kuna jambo wakusanyaji wetu wanaona aibu kulisema: karibu sisi wote tulikulia kwa kopi. Mashine zilizobadilishwa, DVD zilizochomwa, jina limeandikwa kwa kalamu ya marker. Leo mtu akianza koleksiyo "ya kweli" anatupa zile DVD. Mi naona anatupa kitu cha nadra kuliko anachonunua. Mwaka 2023 Video Game History Foundation ya Marekani ilionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotoka kule haipatikani tena madukani. Hiyo ni michezo yenye wenyewe, yenye makampuni. Sasa zile PES ambazo watu wa mtaani walibadilisha, wakaweka jezi mpya, majina mapya, nyimbo zao, nani atazichapa tena? Brazil iko na Bomba Patch yao, na wanaiheshimu kama sehemu ya utamaduni wao wa mpira. Sisi zetu tunazifanya vishikio vya vikombe. Rangi iliyo ndani ya DVD ya kuchomwa inafifia kwa jua na joto. Kama iko na moja inayosoma bado, inakilie kwa kompyuta mwezi huu.

Kwa atakayekwenda sokoni Jumamosi kutafuta PS2: beba diski zako mbili, moja ya fedha na moja yenye tumbo la bluu. Ya fedha ni DVD, ya bluu ni CD, na jicho la mashine likianza kuchoka mara nyingi linaacha aina moja kwanza. Muuzaji atakuonyesha ile inayokubali. Weye mwombe aweke nyingine, subiri mchezo ufunguke mpaka ndani, na ubebe kadi yako ya memori ya mega 8 uone kama inahifadhi.