Fidla kwa Mwendo wa Amadinda

Ukisema hapa Igogo kwamba fulani ni mwanamuziki, utaulizwa: yuko bendi gani? Kama hana bendi, kwaya ya kanisa gani? Hakuna atakayeuliza anafundisha chuo gani. Ndiyo maana Justinian Tamusuza hatumjui, ingawa ni mtu wa ng'ambo tu ya ziwa letu, mzaliwa wa Kibisi, Uganda, mwaka 1951.

Alianza na ngoma na endingidi, lile zeze la Kiganda la uzi mmoja. Baadaye akasomea utunzi Belfast kwa Kevin Volans wa Afrika Kusini, akapata udaktari wa muziki Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, akafundisha Makerere. Kwa wasifu wa namna hiyo, msomaji, unategemea muziki uliovaa tai.

Sasa sikiliza "Mu Kkubo Ery'Omusaalaba". Jina lenyewe Mswahili analielewa nusu bila mkalimani: katika njia ya msalaba. Vyombo ni fidla mbili, viola na selo, vya Kizungu kuanzia kichwani mpaka nyayo, lakini mazungumzo yake siyo ya Kizungu hata kidogo. Umewahi kuwaona akina mama wawili wakitwanga kinu kimoja kwa michi miwili? Huu ukipanda, ule unashuka, na ole wake atakayechelewa. Amadinda ya Waganda hupigwa hivyo hivyo. Ni mbao 12, wapigaji wawili wanakaa wakitazamana, pigo la huyu linaingia katikati ya mapigo ya yule. Halafu yupo wa tatu, ambaye mimi ndiye ninayempenda. Huyu kazi yake ni kuokota kile kilichojificha ndani ya wimbo wa wenzake na kukirudia juu, kwenye zile mbao mbili ndogo za mwisho. Wimbo unaousikia mwishowe hakuna hata mmoja wao anayeupiga peke yake.

Tamusuza amewafundisha watu wanne wenye fidla kupeana zamu namna hiyo. Hapo namvulia kofia. Wengine wakitoka masomoni hubandika ngoma juu ya muziki wa Ulaya kama kilemba juu ya suti, eti ndiyo Uafrika. Na sisi waandishi chipukizi tunafanya vile vile: methali mbili, jina la kijiji, basi, riwaya imekuwa yetu! Marehemu Kezilahabi wa hapo Ukerewe, naye mwalimu wa chuo kikuu, hakuhitaji hila hiyo alipotoa Rosa Mistika mwaka 1971.

Lakini nina ugomvi na safari ya kazi hii. Kronos Quartet, kundi la San Francisco, waliiweka katika albamu yao Pieces of Africa ya mwaka 1992, na ndipo jina la Tamusuza likavuma. Waliyoirekodi humo ni sehemu ya kwanza tu, "Ekitundu Ekisooka". Ni kama mwandishi kusifiwa dunia nzima na watu walioishia sura ya kwanza. Sisi wa upande huu wa maji hata hiyo sura imetufikia kwa kuzunguka Marekani. Watunzi wa kwaya wa Mwanza huandika kwa do-re-mi, nakala inapita mkono kwa mkono mpaka kigango cha mwisho. Mpiga bendi naye atapimwa Jumamosi usiku na wachezaji wenye jasho. Mwalimu wa Makerere aliyeandikia fidla mbili, viola na selo, jirani yake atampima vipi? Wapigaji wenyewe hapa Mwanza utawatoa wapi? Utunzi hauna kosa hapo, ila hiyo ndiyo bei yake, na nadhani aliijua alipochagua.

Ninayo kwenye simu. Inakwenda vizuri, inapamba moto, sehemu ya kwanza inakwisha, na wimbo wa mtu mwingine unaingia.