Bawabu wa Mtandao

Msomaji, nyumba yenye mali haikosi mlango, na mlango wa maana haukosi bawabu. Bawabu huwajua watu wa nyumbani na wageni. Huwaelekeza waingiao, huwazuia wasiostahili, na wengine walalapo yeye hukesha. Mtandao wa kompyuta nao una mlango na bawabu wake. Katika afisi ya shule, katika duka au zahanati ya mahali kama Mkongani, katika kaunti ya Kwale, aghalabu njia ya intaneti ni moja tu, nayo hugawiwa kompyuta na simu kadhaa. Kifaa kinachofanya kazi hiyo huitwa ruta. Watu hukiweka juu ya kabati wakakisahau, mpaka siku kinapogoma. Insha hii yakusudia kuhakiki programu zilizotungwa kwa ajili ya bawabu huyo, hasa zile zitokanazo na Linux, na kuuliza swali moja: je, urahisi unaotajwa katika sifa zake ni urahisi wa kweli?

Yafaa kwanza kueleza asili. Linux ni kiini cha mfumo wa kuendeshea kompyuta, kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Leseni yake humruhusu kila mtu kukitumia, kukisoma, kukibadilisha na kukigawa, kwa sharti moja kubwa: anayewapa wengine programu iliyotokana na kiini hicho hana budi kuwapa pia maandishi yake ya asili. Kwa kuwa kiini ni cha wote, wataalamu hukichukua wakakiunganisha na programu nyingine, na muungano huo huitwa toleo. Yako matoleo makubwa ya kuandikia barua na kutazamia picha; na yako madogo ambayo kazi yao ni ubawabu tu: kuipa kila kompyuta anwani, kuongoza habari ziingiazo na zitokazo, na kuwafungia mlango wavamizi. Haya madogo ndiyo tuyapimayo hapa.

Kundi la kwanza hugeuza kompyuta nzima kuwa bawabu. SmoothWall lilitokea Uingereza mwaka 2000. Mwaka uliofuata baadhi ya watu walijitenga wakaanzisha IPCop. Na katika IPCop likachipuka IPFire, ambalo lingali likiendelezwa. Sifa kuu ya ukoo huu ni kufundisha kwa rangi. Katika IPFire, kijani ni upande wa nyumbani, nyekundu ni intaneti, buluu ni waifai, na rangi ya chungwa ni uwanja wa seva zinazoruhusiwa kutazamwa na watu wa nje. Aliye upande wa kijani aweza kutoka kwenda kwenye nyekundu. Aliye kwenye nyekundu hawezi kuingia kijani asipofunguliwa. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza hufahamu jambo hili kwa dakika chache, na akiisha kulifahamu amekwisha kufahamu nusu ya elimu ya ulinzi wa mtandao. Huu ni urahisi mwema, kwa sababu haukuficha kitu. Umekipanga tu kikaonekana.

Walakini kundi hili lina gharama. Lataka kompyuta kamili, yenye milango ya mtandao isiyopungua miwili, ikae macho usiku na mchana ikila umeme. Kampuni ya mjini yaweza kuvumilia. Shule inayohesabu kila shilingi itasitasita. Tena ukoo wenyewe umekwisha kufiwa. Chapa ya mwisho ya IPCop ilitoka mwaka 2015, na tangu hapo haina marekebisho. Bawabu asiyepewa habari za wezi wapya hubaki sanamu mlangoni, na mwenye nyumba hulala akidhani analindwa.

Kundi la pili huingia ndani ya ruta ndogo yenyewe, na kiongozi wake ni OpenWrt. Kisa chake chafaa kukumbukwa. Kampuni ya Linksys ilikuwa ikiuza ruta iitwayo WRT54G. Ilipojulikana kwamba ndani yake mna Linux, sharti la leseni likadaiwa, na mwaka 2003 kampuni ikatoa maandishi ya asili ya programu zake. Kutokana na maandishi hayo, Januari 2004, OpenWrt lilianza. Ruta zile za awali zilikuwa na ghala la megabaiti 4 tu na kumbukumbu ya megabaiti 16, wala wenye kazi hawakuudharau ufinyu huo. Tazama basi jinsi sharti moja la haki lilivyomgeuza mnunuzi akawa mwenyeji wa chombo alichokilipia.

OpenWrt likiisha kuwekwa, katika vifaa vingi waifai huwa imezimwa mpaka mwenyewe aiwashe, wala halina neno la siri la kiwandani. Mwenyewe hutakiwa kuliweka. Wako wanaoliita jambo hili usumbufu. Mimi nalihesabu kuwa adabu njema, ilimradi mwenyewe asichelewe kuweka neno lake. Mwaka 2016 programu ovu iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa kujaribu orodha fupi ya maneno ya siri ya kiwandani ambayo wenye vifaa hawakuyabadilisha. Oktoba mwaka huo vifaa vilivyotekwa vilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn, hata tovuti kubwa za Marekani zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Wenye vifaa wengi hawakujua lolote. Ule ulikuwa urahisi wa ruta inayofanya kazi mara itolewapo kwenye sanduku, na bei yake ililipwa na watu wengine.

Aibu za OpenWrt nazo zisifichwe. Anayeweka faili isiyo ya ruta yake aweza kuiua ruta. Tena lilianza kwa kusifiwa udogo, lakini limenenepa: ruta zenye ghala la megabaiti 4 na kumbukumbu ya megabaiti 32 hazihudumiwi tena na chapa zake mpya. Ruta za namna hiyo ndizo ziwafikiazo maskini, zikiisha kuchakaa mikononi mwa matajiri.

Upungufu mkubwa zaidi wa makundi yote mawili ni dhana iliyojificha ndani yake, kwamba umeme haukatiki na intaneti haina kipimo. Dhana hiyo yafaa Ulaya. Huku kwetu si sahihi. Waliolitambua hilo ni wabunifu wa Nairobi waliotangaza kifaa cha BRCK mwaka 2013. Waliijenga kazi yao juu ya OpenWrt, lakini wakaanza na shida ya mahali: wakakipa betri ya kudumu kama saa nane, na uwezo wa kuhama kutoka waya kwenda laini ya simu njia moja inapokatika. Hawakubuni kiini kipya, wala hawakukiabudu cha watu. Walikitumia kama fundi wa mashua atumiavyo mbao zilizotoka msitu wa mbali, naye akaunda chombo cha bahari anayoijua.

Pungufu jingine ni la lugha. Miongozo mingi ya matoleo haya ni ya Kiingereza, na ya Kiingereza kigumu. Isidhaniwe kwamba Kiswahili hakiwezi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za afisi zenye maagizo ya Kiswahili. Maneno yalitafutwa, yakajadiliwa, yakapatikana. Mlinzi wa mlango asiyefahamiana kwa maneno na mwenye nyumba hawezi kutumwa vema, hata akiwa hodari namna gani.

Hukumu yangu basi ni hii. Mwenye kompyuta ya ziada na umeme wa kutegemewa asome IPFire, kwa kuwa litamfundisha. Mwenye ruta ndogo inayohudumiwa achague OpenWrt, kwa kuwa litaongeza umri wa kifaa chake. Asiye na mtu hata mmoja wa kulitunza asilitie lolote kati ya hayo mpaka ampate mtu huyo, maana toleo lililotelekezwa halina tofauti na ruta ya dukani iliyosahauliwa juu ya kabati. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nawe, kijana usomaye, usiridhike na taa za kijani zinazomemeteka usoni mwa ruta. Omba ruhusa kwa mwenye kifaa, fungua kurasa zake za kuendeshea, uliza kila neno maana yake, na liandike kwa Kiswahili katika daftari lako. Daftari kama hilo likipatikana katika kila shule, ndipo matoleo haya yatakapokuwa mepesi kwetu.