Mpira Sikioni

Kila Jumamosi swali la kwanza ni lile lile. Mtoto huinama dirishani, akaitafuta namba ya mwisho kwenye geji ya mwendo, halafu akamgeukia fundi mwenye gari: "Mzee, hii inaenda ngapi?"

Fundi hataji namba. "Njoo kwanza usikie inavyopumua," husema, kisha huenda kufungua boneti.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z, jekundu, pua ndefu, mgongo umeinama, viti viwili tu. Linakaa chini ya mabati kwenye gereji moja ya Nairobi, katikati ya pikapu na matatu zinazosubiri kazi. Mimi huenda pale asubuhi nikaketi kwenye tairi kuukuu, nikamtazama akifanya kazi mpaka adhana ya adhuhuri. Sina ninachomsaidia. Ila nimejifunza kwamba ukimtazama fundi wa kweli kwa saa tatu bila kusema neno, unaanza kuona vitu ambavyo yeye mwenyewe ameacha kuviona, kwa mfano anavyoipangusa spana kabla ya kuirudisha mahali pake, hata kama ataichukua tena baada ya dakika moja.

Boneti ya Z hufunguka kuelekea mbele. Bawaba ziko kwenye pua, kwa hiyo watoto husimama pande zote mbili karibu na kioo, na injini inakuwa wazi mbele yao kama chakula kwenye sinia. Sheria zinasomwa kabla: mikono mgongoni, mikono mirefu ya sweta ikunjwe, hakuna anayesogea karibu na feni. Wadogo kabisa hupewa kazi ya vilango viwili vilivyo juu ya fenda, kimoja kila upande, karibu na kioo cha mbele. Kimoja huficha betri. Kuruhusiwa kufungua mlango wa gari asioujua hata baba yako ni heshima kubwa kwa mtoto wa miaka sita, na nimeona vilango hivyo vikifungwa na kufunguliwa mara kumi bila fundi kukunja uso.

Injini ni ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 2.4, na pembeni yake kabureta mbili. Gari hili lilianza kuuzwa mwishoni mwa 1969. Huku kwetu halikujulikana kupitia matangazo. Lilijulikana kwa vumbi. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio za magari za Safari wakiwa na 240Z, na Shekhar Mehta, kijana aliyezaliwa Uganda, akaja wa pili kwenye gari kama hilo hilo. Mwaka 1973 Mehta akashinda mwenyewe, akiwa na Lofty Drews, baada ya kufungana kwa pointi na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun ya aina nyingine. Mehta ndiye aliyekuwa ameenda mbali zaidi kabla ya kukatwa pointi. Baadaye aliongeza ushindi wa miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, akafikisha mara tano.

Siku zile mbio zilikuwa za Pasaka, shule zimefungwa, na watoto walijipanga kando ya barabara tangu alfajiri. Fundi wetu alikuwa mmoja wao. Anakumbuka kwamba alisikia gari kabla ya kuliona, sauti ikipanda na kushuka nyuma ya kilima, halafu rangi ikapita, halafu hakukuwa na kitu ila udongo mdomoni. Alirudi nyumbani akatengeneza gari la waya, magurudumu ya vifuniko vya soda, akaandika namba mlangoni. Hakuna aliyesimama kumwonyesha lolote, na wala hawalaumu. Watu walikuwa kwenye mashindano. "Mimi nilipewa vumbi," aliniambia. Basi alipolipata gari lake, likiwa mwili uliooza sakafu na injini iliyokwama, aliamua kwamba watoto wa mtaa watasogea karibu kuliko alivyosogea yeye.

Kwangu, hiyo ndiyo sehemu ya ufundi wake inayostahili sifa kuliko hata rangi ile nyekundu. Nimeona magari ya kale yamezungushiwa kamba, mlinzi kasimama, mtoto akinyoosha kidole anavutwa nyuma. Nawaelewa wenye magari hayo. Rangi ni ghali na vifungo vya mkanda wa mtoto hukwaruza. Lakini gari linaloangaliwa kwa mbali tu humfundisha mtoto kutamani, basi. Fundi huyu anataka wajue.

Huwaanzisha na vavu. Ziko kumi na mbili, na kila moja inahitaji upenyo wake: milimita 0.25 upande wa kuingiza hewa, 0.30 upande wa kutoa moshi, injini ikiwa moto. Upenyo huo hupimwa kwa kijibamba cha chuma, na namba haitoshi, kwa sababu mkono ndio unaosema kama kimekaza au kimelegea. Kwa hiyo kabla mtoto hajagusa injini, hupelekwa kwenye meza ya kazi. Pale kuna daftari nene, na chini yake karatasi moja. "Ivute polepole. Isichanike, na isije yenyewe." Mtoto anavuta. Anavuta tena. Fundi huongeza daftari la pili, akapunguza, akaongeza, mpaka vidole vijue uzito ule anaoutaka. Zoezi hilo hula nusu saa. Sijawahi kumwona akiharakisha mtu.

Kisha mpangilio wa kuwaka. Silinda haziwaki kwa kufuatana kama watu kwenye foleni. Huruka, 1, 5, 3, 6, 2, 4, ili nguvu isirundikane upande mmoja wa shafti. Fundi huutaja mara moja tu. Wasichana wawili waliokuwa wakiruka kamba nje ya lango waliugeuza wimbo wao: moja-tano-tatu-sita-mbili-nne, kamba ikipiga chini kila namba. Nadhani hakuna mwanafunzi wa chuo cha ufundi atakayeushika vizuri zaidi.

Lakini kilele ni kabureta. Zikiwa mbili, lazima zivute hewa sawasawa, la sivyo silinda tatu zinafanya kazi na tatu zinabebwa. Tena hewa yenyewe si moja nchini. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na gari lililorekebishwa Mombasa likapanda huku huanza kunywa petroli nyingi kuliko hewa. Moshi unakuwa mweusi, plagi zinapata masizi. Mafundi wa Safari walilijua hilo, maana mbio zilikuwa zikishuka pwani na kupanda milimani katika safari moja.

Anawasha. Anachukua kipande cha mpira wa petroli, urefu wa mkono, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya mbele. Anasikiliza. Anahamia ya nyuma. Anageuza skrubu kiasi ambacho jicho halioni, anarudi ya mbele. Bilauri ya maji imewekwa juu ya kifuniko cha vavu, na watoto huambiwa waangalie maji. Mwanzoni yanatetemeka yote, duara juu ya duara. Kila skrubu inapogeuka, duara zinapungua. Baadaye huinua pistoni ya kabureta kwa milimita moja hivi: injini ikipandisha sauti na kubaki juu, petroli imezidi, ikizimika, ni kidogo mno, ikipanda kidogo kisha ikarudi, imetosha. Ilipanda kidogo, ikarudi. Maji kwenye bilauri yalibaki na mkunjo mmoja mwembamba pembeni.

Hapo ndipo mpira unapokabidhiwa. Jumamosi iliyopita wa kwanza kwenye foleni alikuwa yule yule aliyeuliza inaenda ngapi, mvulana wa miaka kumi hivi, amevaa jezi iliyomzidi. Fundi alimshika bega, akamwonyesha pa kuweka ncha, akaondoka kwenda kunawa mikono kwa sabuni ya unga.

Mvulana alisikiliza ya mbele. Akasikiliza ya nyuma. Akarudi ya mbele, macho ameyafumba, kiganja kimefunika sikio jingine. Wenzake walianza kunung'unika, mmoja akamvuta jezi.

"Ngoja," alisema, bila kufumbua macho. "Ngoja kidogo."