Goma Pasipo Watu Wake: Dosari ya Wahusika katika Riwaya ya Jo Nesbø

Katika mwaka 2009 mwandishi wa Norway, Jo Nesbø, alitoa Panserhjerte, riwaya ya nane ya mpelelezi wake Harry Hole, na sehemu ya kisa akaipeleka Goma, chini ya mlima Nyiragongo, kwa kuwa Tony Leike, tajiri wa Oslo, ana tamaa na madini ya koltani ya Kongo. Sisi wa Kolwezi, kusini mwa Kongo hiyohiyo, ambao ardhi yetu hutoa shaba na kobalti wala si koltani, lakini ambao twaijua fika safari ya jiwe kutoka shimoni hadi ng'ambo, tuna haki ya kuuliza imekuwaje mwandishi hodari kiasi hicho akautia uhai mlima kuliko wanaoishi chini yake.

Jibu, kwa rai yangu, limo katika hiari. Hulka ya mhusika hudhihiri pale anapolazimika kuchagua, na kila njia ina hasara yake. Nesbø hakosi kulijua hilo, maana Harry, aliyejificha Hong Kong akivuta afyuni, harudi kwao ila kwa sababu baba yake yu mahututi, na tangu hapo kila hatua yake yaonekana imemgharimu. Wakongo wa riwaya ile hawakupewa fadhila hiyo: huendesha gari, hushika silaha, kisha hutoweka, wala msomaji hajui walitamani nini wala walimcha nani. Hofu ya mgeni imekaa mahali pa tabia zao.

Wala fursa ya kuwapa hiari hiyo haikukosekana katika biashara ya madini. Katika soko la Musompo, karibu na Kolwezi, mchimbaji hutua gunia la madini mbele ya mnunuzi, na mashine waiitayo Metorex ikatoa hesabu ya kiwango cha madini. Yeye haiamini, lakini wenzake wa shimoni wangoja fungu lao, na mwenye chombo cha usafiri adai ujira. Auze, ama alibebe gunia hadi kwa mnunuzi mwingine? Hapo kiburi, uchovu, ujanja na huruma vyote vingeonekana, pasipo kuzuia mwendo wa kisa. Na huko Kasulo, mtaa wa Kolwezi, ambako tangu 2014 watu walichimba chini ya nyumba zao wenyewe, kila aliyetoboa sakafu ya chumba cha wanawe alikata shauri linalostahili sura nzima.

Fiston Mwanza Mujila, mwandishi mzaliwa wa Lubumbashi, aliwapa wahusika wake hiari hiyo katika riwaya yake Tram 83 ya mwaka 2014: Requiem wake ni laghai asiyependeka, ila kila hila yake ina shabaha, na shabaha hizo ni zake mwenyewe.