Wenye Sindano na Kisanduku cha Barafu

Kambu, kando ya barabara kuu ya Mombasa kati ya Kibwezi na Mtito Andei, mbwa hafugwi kwa maringo. Usiku analinda boma, mchana anafuatana na mbuzi malishoni. Aking'atwa na mnyama mwenye kichaa cha mbwa, hatari inaingia naye nyumbani kwa watoto.

Anayesimama hapo katikati ni daktari wa mifugo. Chanjo yake hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na jua la Ukambani tunalijua. Basi huifunga kwenye kisanduku cha barafu nyuma ya pikipiki, akakata njia za mchanga hadi chini ya mti walikokusanyika watu. Wengi wa mbwa hao hawajawahi kuvaa kamba. Humfunga mmoja mdomo kwa kitambaa, akabana ngozi ya shingo, akadunga, akaandika cheti, akamwita anayefuata. Paka ndio balaa: huletwa ndani ya gunia, na gunia likifunguliwa kila mtu hurudi nyuma isipokuwa yeye.

Mwaka 2014 Kenya ilizindua mpango wa kukomesha vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, Makueni, iliko Kambu, ikiwa miongoni mwa kaunti za mwanzo. Lengo ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa kila mwaka. Dalili zikishamtokea mtu, ni nadra sana kupona.

Siku ya chanjo ikitangazwa, mpeleke mbwa wako, na umshike mwenyewe.