Sauti Safi ya Gitaa na Heshima ya Neno

Katika mijadala juu ya muziki wa taifa tumezoea kuuliza kama gitaa la umeme ni chombo cha kigeni au ni chetu. Kwa maoni yetu, swali hilo limekwisha kujibiwa na wananchi wenyewe. Tangu miaka ya 1960, bendi kama NUTA Jazz na Morogoro Jazz zilipoanza kusikika redioni, watu wa mijini na wa vijijini walizicheza nyimbo zake bila kuuliza chombo kilitoka wapi. Swali lililobaki ni jingine: gitaa hilo linapigwaje, nalo linalitendea nini neno linaloimbwa karibu yake?

Tutoe mfano kutoka Mkoa wa Kagera. Katika harusi moja wilayani Muleba tulimsikiliza mzee akipiga enanga. Chombo hiki cha Wahaya ni ubao uliochongwa mfano wa mtumbwi mdogo, na juu yake uzi hupitishwa huku na huko hata ukafanya safu ya nyuzi. Sauti yake ni ndogo, lakini kila mlio hujitenga na mwenzake. Mzee aliimba habari za shujaa Rukiza, na wasikilizaji wakamfuata neno kwa neno. Ndipo vijana wa bendi moja kutoka Bukoba mjini walipoombwa kumsindikiza. Amplifaya ikafunguliwa hadi mwisho, gitaa likakoroma, na mzee akabaki kuonekana midomo tu. Baada ya kitambo aliilaza enanga magotini, akanyamaza. Hakuna aliyemkataza kuimba, alizimwa tu.

Wapo watakaosema kosa ni la umeme. Sisi hatukubaliani nao. Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna kinasa, yaani sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu. Uzi wa chuma unapotetemeka juu ya sumaku hiyo, huzaa umeme mdogo ndani ya waya, na umeme huo ndio unaokwenda kwenye amplifaya. Kinasa chenyewe hakina ugomvi na mtu. Kikipewa mtetemo safi, hupeleka mtetemo safi.

Uchafu wa sauti una sababu zake, nazo zinajulikana. Kinasa kikiinuliwa mno karibu na nyuzi, sumaku huzivuta, na mlio hupindana. Tena umeme unaotoka huwa mkubwa kuliko amplifaya inavyoweza kuupokea kwa utulivu. Kukishusha kidogo kwa bisibisi hutosha mara nyingi kuiponya sauti. Waya mrefu kupita kiasi kati ya gitaa na amplifaya hupunguza ung'avu wa milio ya juu. Tena kinasa chenye waya mmoja huokota hata mvumo wa umeme wa majumbani, ambao nchini mwetu hutetemeka mara 50 kwa sekunde. Katikati ya miaka ya 1950, Seth Lover wa kampuni ya Gibson huko Marekani alibuni kinasa chenye mizunguko miwili ya waya iliyopangwa kinyume, ili mvumo ujifute wenyewe na mlio wa uzi ubaki. Aliyefanya hivyo alitambua kwamba kunyamazisha kelele ni sehemu ya kazi ya muziki.

Jambo hili lina uzito wa pekee huko Bukoba na Muleba, kwa kuwa Kihaya ni lugha ya toni. Kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya maana ya maneno, wala si pambo. Kwa hiyo gitaa linalokoroma juu ya mwimbaji huweza kuifunika maana pamoja na sauti. Na maana hiyo si ndogo. M. M. Mulokozi, katika tasnifu aliyoitoa mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alizichunguza tungo za enanga kama tendi kamili za Kiafrika. Je, fasihi iliyostahili uchunguzi wa namna hiyo yafaa ipotelee kwenye spika moja ya harusini?

Wengine wameshauri kwamba enanga nayo ifungwe kinasa cha gitaa ili ishindane. Ushauri huo haufai. Sumaku husikia chuma tu. Haisikii kano ya mnyama wala nailoni. Enanga yahitaji kipaza sauti kilichowekwa karibu na ubao wake, na zaidi ya hapo yahitaji mpiga gitaa anayejua kungoja.

Kungoja huko si jambo geni kwetu. Marehemu Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, aliliacha gitaa lake liseme pale mwimbaji alipopumua. Katika bendi zetu za dansi, gitaa la solo, la rithimu na la besi husukana kama ukili. Sauti zikichafuka, mkeka haufumiki.

Kwa hiyo twawaomba walimu wa muziki na wa fasihi wasiitenge kazi hii. Mwanafunzi afundishwe kukishusha kinasa, kupunguza amplifaya, na kumkaribisha mzee aimbe kwanza. Kisha aulizwe swali moja tu: umesikia alichosema? Akiweza kukisimulia, gitaa lake ni safi. Asipoweza, na ashike bisibisi tena.